Upasuaji wa moyo Afrika Mashariki: Hatari ya mrija wa shingoni na hesabu isiyotangazwa

Upasuaji wa moyo si jambo la kusafiria India peke yake tena. Jijini Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, na hata Bomet katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna timu zinazoziba matundu ya moyo na kubadilisha valvu zilizoharibika. Kambi ya upasuaji inapomalizika, jambo la kwanza kutangazwa ni idadi ya wagonjwa waliohudumiwa. Idadi ambayo mwananchi huisikia kwa nadra ni ya wale waliopata madhara kutokana na mrija mmoja mwembamba, unaoingizwa shingoni hata kabla kifua hakijafunguliwa.

Mrija huo ni wa lazima. Upasuaji mkubwa wa moyo ni vigumu kuendeshwa kwa usalama bila kuwa nao. Lakini ni mrija huohuo unaoweza kutoboa mshipa usiokusudiwa, kuingiza hewa kwenye damu, kusababisha damu kuganda, au kupitisha bakteria hadi kwenye valvu mpya ambayo familia imeihangaikia kwa miaka. Sehemu kubwa ya madhara hayo inazuilika, na kuyazuia kunagharimu kidogo sana ukilinganisha na upasuaji wenyewe. Kinachohitajika zaidi ni nidhamu ya kila siku na utaratibu wa kuhesabu.

Mrija huu ni nini?

Watu wengi wanaijua kanula, ule mrija mfupi wa plastiki unaowekwa mkononi ili kupitishia dripu. Mrija wa vena kuu, ambao madaktari huuita katheta ya vena kuu, ni mrefu zaidi. Vena ni mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Mrija ukiingizwa kupitia vena ya shingoni au ile iliyo chini ya mtulinga, ncha yake hufika karibu na mlango wa moyo, pale vena kubwa ya juu inapomwaga damu katika chumba cha juu cha kulia. Unaweza pia kuingizwa kwenye kinena.

Kwa nini mkono hautoshi? Dawa zinazotumika kuupa moyo nguvu na kupandisha presha, kama adrenalini na noradrenalini, ni kali. Zikivuja nje ya mshipa mdogo wa mkono huweza kuua ngozi na nyama ya sehemu hiyo. Kwenye vena kuu damu nyingi hupita kwa kasi na kuizimua dawa mara moja. Mrija huo pia humwezesha daktari kupima shinikizo la damu inayorudi moyoni na kuchukua sampuli za damu bila kumchoma mgonjwa kila mara.

Katika upasuaji wa moyo, mara nyingi anayeuweka ni daktari wa usingizi, na huuweka mgonjwa akiwa ameshalala. Wengi hupendelea upande wa kulia wa shingo kwa sababu kutoka hapo njia ya kwenda moyoni imenyooka.

Wazo la kufika moyoni kwa kupitia mshipa lina karibu miaka 100. Mwaka 1929 katika mji wa Eberswalde, Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alijiingizia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe, akausukuma hadi sentimita 65, kisha akaenda kwenye chumba cha eksirei kuthibitisha kwamba ncha imefika moyoni. Wakubwa wake hawakufurahishwa. Mwaka 1956 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Mbinu inayotumika leo inatokana na kazi ya daktari wa Uswidi, Sven-Ivar Seldinger, iliyochapishwa mwaka 1953. Sindano huingia kwanza. Ndani ya sindano hupitishwa waya laini, sindano huondolewa, na mrija huteleza juu ya waya hadi mahali pake. Mwisho waya hutolewa. Ni hatua chache, lakini kila moja ina hatari yake.

Madhara wakati wa kuuweka

Hatari ya kwanza inatokana na ujirani. Kando ya vena kubwa ya shingo hupita ateri kubwa inayopeleka damu kwenye ubongo. Sindano ikikosea kidogo, huichoma ateri badala ya vena. Kwa mgonjwa wa kawaida tundu dogo la sindano hubonyezwa kwa dakika kadhaa na mambo yakaisha. Mgonjwa wa moyo yuko katika hali tofauti. Muda mfupi baadaye atapewa heparini kwa dozi kubwa ili damu isigande ndani ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Tundu ambalo lilikuwa limeanza kuziba linaweza kuvuja tena, shingo ikavimba na hata njia ya hewa kubanwa.

Hali huwa mbaya zaidi ikiwa kilichoingia kwenye ateri si sindano tu bali mrija wenyewe, ambao ni mnene. Miongozo ya kitaalamu inasema usichomolewe kwa pupa. Uachwe ulipo, aitwe daktari wa upasuaji wa mishipa, na ikibidi upasuaji wa moyo uahirishwe. Kuuchomoa na kubonyeza tu kunaweza kusababisha damu nyingi kupotea au mgonjwa kupata kiharusi.

Hatari ya pili ni pafu. Kilele cha pafu kiko karibu na shingo na mtulinga. Kikichomwa, hewa huvuja na kujaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, na pafu husinyaa. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia anasukumiwa hewa kwa nguvu, kwa hiyo uvujaji mdogo unaweza kukua haraka hadi ukaubana moyo wenyewe.

Hatari ya tatu ni hewa kuingia kwenye damu. Ndiyo maana mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini kidogo wakati mrija wa shingoni unawekwa. Kwa mtoto mwenye tundu kati ya vyumba vya moyo, kiputo kidogo cha hewa kinaweza kuvuka kutoka upande wa kulia hadi wa kushoto na kukimbilia kwenye ubongo. Watoto wa namna hiyo ni sehemu kubwa ya wanaofanyiwa upasuaji katika kambi nyingi za eneo letu.

Waya nao una hatari mbili. Ukisukumwa mbali sana hugusa ukuta wa moyo na kuvuruga mapigo. Mara nyingi mapigo hutulia waya ukirudishwa nyuma kidogo, lakini moyo ulio dhaifu unaweza usistahimili. Aidha, imewahi kutokea katika nchi mbalimbali waya ukasahauliwa ndani ya mwili. Nchini Uingereza kusahau waya kumeorodheshwa miongoni mwa matukio ambayo hayapaswi kutokea kabisa katika hospitali za umma, na kila linapotokea ni lazima liripotiwe.

Mwisho kuna ncha ya mrija. Ikikaa ndani mno inaweza polepole kutoboa ukuta wa moyo au wa mshipa, damu ikajaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo na kuuzuia kutanuka. Ni tukio la nadra, lakini huua haraka. Eksirei baada ya kuweka mrija huonyesha ncha iko wapi na kama pafu liko salama.

Madhara ya siku zinazofuata

Mrija uliowekwa bila kasoro bado ni mlango ulio wazi kwenye ngozi. Bakteria huingia kwa kufuata upande wa nje wa mrija, au kwa kupitia pale ambapo muuguzi huunganisha sindano na dripu. Wanaojitokeza mara nyingi ni stafilokoki, ambao huishi kwenye ngozi. Katika wodi za wagonjwa mahututi wapo pia Klebsiella na Acinetobacter, ambao aina zake nyingi zimekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka, pamoja na fangasi wa jamii ya Candida.

Kwa mgonjwa wa moyo maambukizi ya damu yana uzito wa pekee. Katika nchi tajiri wengi wanaopasuliwa moyo ni wazee ambao mishipa ya moyo imeziba au valvu zimechakaa kwa umri. Afrika Mashariki wengi bado ni vijana na watoto, wenye kasoro za kuzaliwa au valvu zilizoharibiwa na ugonjwa wa moyo wa rumatiki, ambao huanza na maambukizi ya koo utotoni. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huo, na mwaka huohuo wataalamu waliokutana Cape Town walitoa tamko la kutaka upasuaji wa moyo uwafikie wagonjwa katika nchi zenye kipato kidogo. Msichana wa miaka 19 aliyewekewa valvu ya bandia akipata bakteria kwenye damu, bakteria hao wanaweza kung'ang'ania valvu hiyo. Tiba yake ni wiki nyingi za dawa za sindano, na wakati mwingine ni kupasuliwa mara ya pili, jambo ambalo si hospitali nyingi za eneo hili zinazoliweza.

Damu kuganda kuuzunguka mrija ni tatizo jingine. Kwa mtu mzima linaweza kuonekana kama uvimbe wa mkono au shingo. Kwa mtoto aliyezaliwa na upande mmoja tu wa moyo unaofanya kazi, matokeo yanaweza kudumu maisha yote. Mtoto huyo hutibiwa kwa operesheni za hatua kwa hatua, na mojawapo huunganisha vena kubwa ya juu moja kwa moja na ateri ya mapafu. Vena hiyo ikiwa imezibwa na bonge la damu lililosababishwa na mrija wa operesheni ya kwanza, operesheni inayofuata inaweza isiwezekane.

Hata siku ya kuutoa mrija ina hatari yake. Mgonjwa akiwa ameketi wima, hewa inaweza kufyonzwa kupitia tundu lililobaki. Anatakiwa alale chali, abane pumzi kwa muda mfupi mrija unapotoka, kisha tundu lifunikwe kwa bandeji isiyopitisha hewa.

Madhara haya hutokea kwa kiasi gani?

Jibu hutegemea kinachohesabiwa. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2003 katika jarida la New England Journal of Medicine yalisema zaidi ya asilimia 15 ya wagonjwa wanaowekewa mirija hii hupata madhara ya aina fulani, makubwa na madogo yakijumlishwa. Uchambuzi mpya zaidi, uliochapishwa mwaka 2024 katika JAMA Internal Medicine, uliangalia tafiti za miaka ya karibuni na kukadiria kwamba mrija ukikaa siku tatu, wagonjwa wapatao 30 katika kila 1,000 hupata angalau moja kati ya madhara makubwa manne: mrija kuingia kwenye ateri, hewa kuzingira pafu, maambukizi ya damu au damu kuganda.

Mahali pa kuweka mrija pia huchangia. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2015 ulilinganisha shingo, mtulinga na kinena kwa mirija 3,471. Mirija ya chini ya mtulinga ilikuwa na maambukizi na kuganda kwa damu kuchache zaidi, lakini matatizo ya pafu yaliyohitaji mrija wa kifua yalikuwa asilimia 1.5, dhidi ya asilimia 0.5 kwa shingo. Katika upasuaji wa moyo kuna sababu nyingine ya kupendelea shingo. Ateri iliyo chini ya mtulinga haibonyezeki kwa kidole ikivuja, na kifua kinapotanuliwa mrija uliopita hapo unaweza kubanwa na kujikunja.

Kifaa kimoja kinachostahili kununuliwa

Kwa miongo mingi madaktari walitafuta vena kwa kupapasa na kukadiria. Leo mashine ndogo ya ultrasaundi huonyesha vena na ateri kwenye skrini, na daktari huiona sindano ikielekea inakotakiwa. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilipendekeza matumizi yake tangu mwaka 2002. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya tafiti 35 kuhusu vena ya shingoni na kukuta kuwa ultrasaundi ilipunguza jumla ya madhara kwa asilimia 71 na kuchomwa kwa ateri kwa asilimia 72, ingawa ubora wa baadhi ya tafiti hizo haukuwa mkubwa.

Hospitali inayomudu mashine ya moyo na mapafu haina sababu ya kukosa ultrasaundi ndani ya chumba cha upasuaji. Kuwa nayo katika idara ya mionzi, jengo la pili, hakumsaidii daktari aliyeshika sindano. Hata hivyo mashine haizuii bakteria. Kwa hao, suluhisho lilipatikana kwa njia rahisi zaidi.

Mambo matano ya Michigan

Mwaka 2006 Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya mradi uliofanyika katika vitengo 103 vya wagonjwa mahututi, vingi vikiwa katika jimbo la Michigan, Marekani. Waliwataka watumishi wafanye mambo matano tu: kunawa mikono; kuvaa barakoa, kofia, gauni na glavu zilizotakaswa na kumfunika mgonjwa mwili mzima; kusafisha ngozi kwa klorheksidini; kuepuka kinena inapowezekana; na kutoa mrija usiohitajika tena.

Hakuna jipya kati ya hayo matano. Kabla ya mradi, kitengo cha wastani kilikuwa na maambukizi 2.7 kwa kila siku 1,000 za mrija. Ndani ya miezi mitatu kiwango cha kitengo cha wastani kilishuka hadi sifuri.

Siri haikuwa kwenye orodha peke yake. Vifaa vyote viliwekwa kwenye toroli moja ili mtu asipate kisingizio cha kuruka hatua. Kila siku timu iliulizana kama mrija wa kila mgonjwa bado unahitajika. Muhimu zaidi, muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari aliyeruka hatua, isipokuwa pale ambapo hali ni ya dharura, na viongozi wa hospitali wakakubali kumuunga mkono.

Jambo hilo la mwisho ndilo gumu kwa hospitali nyingi, ziwe za Baltimore au za Mwanza. Muuguzi wa miaka 26 anapomwambia daktari bingwa, "Samahani daktari, naomba tusimame, hujavaa gauni," anavunja ngazi ya heshima iliyojengwa kwa miaka. Asipolindwa hatasema mara ya pili. Na katika kambi ambapo timu ya wageni na ya wenyeji zinafanya kazi pamoja kwa wiki moja tu, ni rahisi kila upande kudhani kwamba mwingine ndiye anayesimamia.

Karatasi peke yake haitoshi

Tanzania ina nafasi yake katika historia ya orodha za ukaguzi. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane duniani, moja ilikuwa ya Ifakara, mkoani Morogoro, sambamba na hospitali za London, Toronto, Seattle, New Delhi na kwingineko. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7.

Lakini orodha si dawa inayofanya kazi yenyewe. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, walichunguza hospitali 101 baada ya serikali kuagiza orodha hiyo itumike. Hospitali ziliripoti kwamba zinaitumia karibu kila mara. Vifo na madhara havikupungua kwa kiwango cha maana. Tofauti kati ya kuweka alama ya vyema kwenye karatasi na kufanya jambo lenyewe ni kubwa.

Uingereza nayo ilijifunza jambo lingine. Ilipoiga mradi wa Michigan, maambukizi yalipungua, lakini yalikuwa yakipungua pia katika vitengo ambavyo bado havijajiunga. Watafiti walipokwenda kuangalia jinsi takwimu zinavyokusanywa, walikuta kila hospitali inahesabu kwa namna yake. Wengine walipeleka damu maabara kila mgonjwa alipopata homa, wengine mara chache. Anayetafuta kidogo hupata kidogo, na takwimu zake huonekana nzuri.

Pengo la Afrika Mashariki

Hapo ndipo suala linapotugusa moja kwa moja. Mtandao wa kimataifa wa INICC, uliokusanya taarifa za vitengo 703 vya wagonjwa mahututi katika nchi 50, nyingi zikiwa za kipato cha chini na cha kati, kati ya mwaka 2010 na 2015, ulipata wastani wa maambukizi 4.1 ya damu yatokanayo na mrija kwa kila siku 1,000 za mrija. Marekani kiwango cha kulinganisha kilikuwa 0.8.

Tuziweke namba hizo kwenye wodi moja. Kitengo chenye wagonjwa watano wenye mrija kila siku kina siku 1,825 za mrija kwa mwaka. Kwa kiwango cha 4.1 kitapata maambukizi saba au nane. Kwa kiwango cha 0.8 kitapata moja au mawili. Tofauti hiyo ni wagonjwa sita kwa mwaka, katika wodi moja, ambao wangeweza kurudi nyumbani mapema.

Sababu za pengo hilo zinafahamika. Kwanza ni watu. Shirikisho la Dunia la Vyama vya Madaktari wa Usingizi linapendekeza angalau madaktari watano wa usingizi kwa kila watu 100,000. Nchi nyingi za Afrika Mashariki hazifikishi hata mmoja. Muuguzi anayehudumia wagonjwa wengi kuliko inavyotakiwa hunawa mikono mara chache, si kwa uzembe bali kwa sababu muda haupo. Pili ni vifaa. Seti za mirija, vifuniko vilivyotakaswa na klorheksidini huagizwa kutoka nje, na vikiisha kazi haisimami. Tatu ni maabara. Kuotesha damu ili kubaini bakteria kunahitaji chupa maalumu, umeme wa uhakika na wataalamu. Pasipo maabara, homa ya mgonjwa hutibiwa kwa kubahatisha, dawa kali hutumika bila sababu, na usugu wa dawa huongezeka.

Gharama humwangukia nani? Maambukizi huongeza siku katika wodi ya wagonjwa mahututi, siku ambazo ni ghali kuliko zote hospitalini. Mfuko wa bima ukifikia ukomo wake, ndugu ndio wanaochangishana.

Tuhesabu nini?

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete imekuwa ikifanya kazi kama taasisi inayojitegemea jijini Dar es Salaam tangu mwaka 2015. Uganda ina Taasisi yake ya Moyo jijini Kampala, na Kenya ina vituo vya umma na vya mashirika ya dini. Hatua ya kuanzisha huduma imeshapigwa. Hatua inayofuata ni kuonyesha ubora wake, na kwa suala hili hesabu tatu zinatosha kuanzia: mirija mingapi imewekwa na kwa siku ngapi, mingapi ilisababisha tatizo wakati wa kuwekwa, na wagonjwa wangapi walipata maambukizi ya damu.

Hesabu hizo hazihitaji kompyuta ghali. Daftari moja la wodi linatosha, ikiwa kuna mtu mmoja anayewajibika kulijaza kila asubuhi. Ugumu uko kwingine. Hospitali inayotangaza maambukizi yake wakati nyingine zimenyamaza itaonekana ndiyo mbaya kuliko zote. Kwa hiyo ni wizara za afya, na mifuko ya bima kama SHA ya Kenya na NHIF ya Tanzania, ambazo zinaweza kuweka utaratibu mmoja kwa wote, wenye tafsiri moja ya nini kihesabiwe.

Onyo lipo. Tangu Oktoba 2008 mpango wa serikali ya Marekani wa bima ya wazee umekataa kulipa nyongeza kwa maambukizi ya mrija yaliyopatikana hospitalini. Wakosoaji wanasema adhabu ya fedha huwashawishi watu kuficha. Kwa nchi ambazo ndiyo kwanza zinaanza, busara ni kulipia kuripoti kwanza, na kuadhibu kunyamaza badala ya kuadhibu namba.

Mgonjwa na familia waulize nini?

Familia haiwezi kumfundisha daktari kazi, lakini ina haki ya kuuliza, na maswali haya machache hayamvunjii mtu heshima. Kabla ya upasuaji: je, mrija wa shingoni utawekwa kwa kutumia ultrasaundi? Baada ya upasuaji, kila siku: daktari, mrija huu bado unahitajika? Siku ya kutolewa: je, mgonjwa atalazwa chali?

Mgonjwa mwenyewe amwambie muuguzi mara moja akihisi baridi kali na kutetemeka, hasa mara baada ya dawa kupitishwa kwenye mrija, au akiona wekundu, usaha, uvimbe wa shingo au mkono, au bandeji iliyolowa au kubanduka. Ndugu wanaomtembelea wanawe mikono kabla ya kumgusa na wasiushike mrija wala kifuniko chake. Anayerudi nyumbani na valvu ya bandia akipata homa isiyoeleweka arudi kwenye kliniki ya moyo, asinunue dawa dukani.

Kambi ijayo ya upasuaji itakapomalizika, namba ya kwanza itatangazwa tena: watoto wangapi, watu wazima wangapi. Ni namba ya kujivunia. Waandishi wa habari na wananchi wana haki ya kuuliza namba ya pili, ya waliorudi nyumbani bila madhara ya mrija. Hospitali inayoweza kuitaja, hata kama si nzuri, imeshaanza kazi ya kuipunguza.